Siku Kaljo Alipokimbia

Kwa miaka ishirini na miwili mume wangu Kaljo ndiye aliyekuwa akiipima barafu ya kijiji chetu, Rannaotsa. Hakuna aliyemtuma. Kila mwaka baridi ilipoingia na ziwa Peipsi likaanza kuganda, alitangulia peke yake na mtaimbo, anagonga mbele ya kila hatua, anatoboa kwa keekee, anaingiza kijiti cha kupimia tunduni. Akirudi anaandika kwa chaki kwenye ubao ulioko mlangoni mwa duka. Sentimita nne, kaeni nyumbani. Saba, bado kaeni nyumbani. Kumi, mnaweza kwenda, ila msisimame wawili pamoja. Halafu anachomeka matawi ya msonobari kwenye theluji, moja kila baada ya hatua thelathini, na kijiji kizima kinapita humo humo kwenda kuvua.

Alikuwa mkali, tena mwenye ulimi. Siku moja alimkuta Heino fundi bomba akikata njia ya mkato nje ya matawi. Akamngoja dukani mpaka watu wakajaa, ndipo akamwambia, "Heino, jana nimemwona mkeo. Bado anapendeza. Mume mwingine nimtafutie kabla ya mazishi au baada?" Watu walicheka mpaka mwenye duka akakaa chini. Heino hakukata njia ya mkato tena.

Hata jirani yetu Fevronia hakusalimika. Fevronia ni mama wa miaka sabini na mitatu, mkulima wa vitunguu, katika wale Warusi wa imani ya kale wanaokaa ufukweni huku tangu enzi za mababu zao. Yeye hapigi hatua kabla ya kugonga barafu mara tatu, hata ndani ya njia yenye matawi. Kaljo alikuwa akimpita na kumwuliza, "Dada Fevronia, hiyo barafu unaipima au unaiposa?"

"Si wewe uliyenifundisha, mdogo wangu?" Fevronia alikuwa akijibu bila kuinua kichwa. "Mwalimu akishamaliza kusema, anyamaze aone mwanafunzi anavyofanya."

Shuleni pia alikuwa akiitwa kufundisha. Watoto walilala kifudifudi kwenye sakafu ya ukumbi, wakajivuta kwa viwiko, wakatupiana kamba. Aliwatengenezea kila mmoja vishikio viwili vya mti vyenye misumari, vilivyounganishwa kwa uzi wa kuvaa shingoni, ili ukitumbukia uichome barafu na kujivuta nje. Na kila mwaka aliwaambia jambo moja, kwa sauti ya chini ili wanyamaze kusikiliza: anayetumbukia mara nyingi hutoka. Anayekufa ni yule anayekuja mbio kumwokoa.

Mimi alinifundisha mezani, tukila. "Helve, siku nikitumbukia usije mbio. Simama. Hesabu mpaka kumi. Chukua kamba, ulale chini, ndipo uje."

"Nikifika kumi nitakuwa nimeshaanza kula pensheni yako," nilimjibu.

"Uile vizuri. Lakini uhesabu."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, miaka thelathini na minne ya ndoa. Nasema haya ili ujue ni mtu gani ninayemsimulia, kwa sababu mimi mwenyewe mpaka leo nikiyakumbuka najiuliza kama ni mtu yule yule.

Ilikuwa Alhamisi katikati ya Machi. Upepo wa magharibi ulikuwa umevuma siku tatu, kisha ukatulia, ukaja usiku wa baridi kali na theluji kidogo, na asubuhi jua likatoka safi. Tulikwenda saa tatu, mimi nikivuta sanduku langu la kukalia, yeye akisukuma sleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji, yenye kamba na vifaa. Tulipofika mahali petu akatoboa na kupima. Sentimita thelathini na nne. Ungeweza kupitisha gari hapo. Fevronia alikuwa ameshatangulia, amekaa kama hatua mia tatu kutoka kwetu, kitambaa chake chekundu kikionekana kama nyanya juu ya meza nyeupe.

Sangara walikuwa wanauma vizuri, wale wadogo wenye mistari, mpaka kama saa tano. Kisha kimya. Nilikaa nusu saa nikitikisa uzi, wapi. Nikasimama, nikabeba keekee na kushika kamba ya sanduku.

"Unahamia wapi?" Kaljo akauliza.

"Hapo mbele. Wamesogea."

"Chukua mtaimbo."

"Ni hapo tu, mzee. Hatua arobaini."

"Barafu haijui hapo wala kule. Chukua mtaimbo, Helve."

"Keekee mkono huu, sanduku mkono huu. Mtaimbo niushike kwa meno?"

Akacheka, akataka kusimama aniletee. Wakati huo huo uzi wake ukavutwa, akainama kushughulika na samaki. Nikaondoka. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi. Hatukugombana, wala sikuwa na haraka ya kitu chochote.

Ule upepo wa siku tatu ulikuwa umeipasua barafu, ukaacha ufa wenye upana wa mlango. Baridi ya usiku ikauziba kwa ganda jembamba, na theluji ikalifunika ganda. Kwa macho palikuwa sawasawa na kwingine kote. Mtaimbo ungepatoboa kwa pigo moja.

Sikusikia mlio wowote. Watu husema barafu hulia kabla ya kuvunjika, na kweli mara nyingi hulia, lakini siku ile haikulia. Mguu ulishuka tu, kama unaposhuka ngazi gizani ukidhani zimekwisha, kumbe bado moja. Kisha maji yalikuwa shingoni.

Kitu cha kwanza si baridi. Ni pumzi. Kifua kinajifunga na kujifungua chenyewe, unavuta hewa, unavuta, huwezi kuitoa, na mdomo uko sawa na maji. Nilijua jambo hilo. Nililijua kwa sababu mtu amenieleza mezani kila mwaka kwa miaka ishirini: dakika ya kwanza usifanye lolote, shika ukingo, ngoja pumzi irudi. Nikashika ukingo. Kofia yangu ya njano ilikuwa imenivuka, inaelea mbele yangu, nami nikaikazia macho nikawa napumua huku nikiitazama. Pumzi ikarudi.

La pili, geuka ulikotoka, maana huko barafu ilikubeba. Nikageuka. La tatu, misumari. Nikaivuta shingoni, nikaichoma mbele yangu kwa nguvu, nikapiga miguu nyuma kama chura mpaka mwili ukalala juu ya maji, nikajivuta. Mara ya kwanza nikateleza nikarudi. Mara ya pili kifua kikapanda. Mara ya tatu nikawa nje mpaka magotini, na sikusimama. Nikabingirika kando, mara nne, mara tano, mbali na ufa, mpaka nikajua niko juu ya ile barafu nene. Theluji ilinigandia mwili mzima. Nikalala pale nikitetemeka, na wazo nililokuwa nalo, naona aibu kulisema, lilikuwa la kujisifu. Nilikuwa nawaza jinsi Kaljo atakavyofurahi kuwa nimefanya kila kitu kama alivyofundisha.

Ndipo nikamwona anakuja mbio.

Alikuwa wima. Hana kamba, hana mtaimbo, hana chochote. Koti limefunguka na linapigapiga, mdomo uko wazi lakini hatoi sauti, na miguu yake inarushwa mbele kama ya kijana wa miaka kumi na minane. Mtu wa miaka sitini na sita. Sijawahi kumwona Kaljo akikimbia, hata kuwahi basi.

Nikaita, "Kaljo, niko hapa. Lala chini."

Hakusikia. Alikuwa anakitazama kile kitu cha njano kilichokuwa kinaelea. Mimi nilikuwa mweupe kwa theluji, nimelala juu ya theluji, na yeye alikuwa ameshaamua kuwa niko chini ya ile kofia. Akanipita. Alinipita kwa umbali wa hatua nne, nikaona uso wake, na uso ule haukuwa na mtu ndani yake. Nikanyoosha mkono kama wa kumshika suruali. Kisha akafika kwenye ufa, akakanyaga ganda lenye theluji, akatoweka.

Hakuna kelele iliyofuata. Maji yalipanda juu kidogo, yakatulia. Nilitazama mahali pale patupu na akili yangu ikakataa kabisa. Nilijiambia, huyo si Kaljo, Kaljo yuko nyuma kule anavua. Niligeuka hata nikatazama nyuma. Kiti chake kilikuwa kimepinduka, na samaki alikuwa bado anarukaruka juu ya theluji.

Alipoibuka, alishika ukingo wa ng'ambo, upande ule wenye ganda jembamba. Likavunjika. Akashika tena mbele zaidi. Likavunjika. Alikuwa anakwenda kinyume, anazidi kuingia ziwani, na misumari yake ilikuwa ndani ya sweta, chini ya koti, pale alipoisukuma asubuhi kwa sababu uzi ulikuwa unamkera shingoni. Mtu aliyewatengenezea watoto wote wa shule.

"Kaljo. Geuka. Geuka ulikotoka."

Akanitazama. Aliniona sasa, na nilidhani atapata nafuu kwa kuniona. Hakupata. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Geuka uje kwangu. Weka mikono juu ya barafu."

Aligeuka. Hilo alilifanya. Akaja mpaka ukingo mnene, akaweka mikono miwili juu yake, na hapo nguvu zikamwishia. Alijaribu kujiinua mara moja tu.

Kamba ilikuwa kwenye sleji, hatua arobaini nyuma yangu. Kumfuata mikono mitupu kungetutia ndani wote wawili, na kwenda kuchukua kamba kulikuwa kumpa mgongo. Nimewahi kumzika mama yangu na ndugu yangu mmoja, lakini sijui jambo gumu kama kule kumgeuzia Kaljo mgongo akiwa ndani ya maji ananitazama. Nilimwambia, "Usiondoe mikono hapo. Iache igande. Mikono ikigandia barafu huzami hata ukizimia. Ni wewe uliyesema."

Nikaondoka. Nilijivuta kwanza, kisha nikasimama, na nguo zangu zilikuwa zimeshakuwa ngumu kama mabati, zinalia kila nikiinua goti. Mwili wote ulitaka kukimbia. Nilihesabu kwa sauti ili miguu isinishinde. Moja, mbili. Nilifika kumi nikaanza tena. Sikugeuka nyuma, kwa kuwa nilijua nikigeuka na kukuta hayupo nitakaa chini pale pale.

Nilipofika kwenye sleji nikamwona Fevronia anakuja. Alikuwa anasukuma sleji yake mbele yake, ile yenye kiti, na alikuwa anatembea polepole kama anayekwenda kanisani. Anasimama, anagonga kwa mtaimbo, anasogea. Simu alikuwa ameibana sikioni kwa bega. Nilisikia akitaja jina la kijiji, akitaja matawi, akisema wawili, mmoja bado ndani. Moyo wangu ulimchukia. Nasema kweli, nilitaka kumrukia.

"Fevronia, fanya haraka."

"Nafanya," alisema, na hakuongeza mwendo hata kidogo. Alipofika akaitazama kamba mikononi mwangu. "Vidole vinafunga?"

Havikufunga. Nilikuwa navitazama kama vya mtu mwingine. Fevronia akavua glavu zake, akafunga kitanzi kikubwa, akafunga ncha nyingine kwenye sleji yake, na kazi yote hiyo aliifanya huku akinung'unika maneno ya sala kwa Kirusi, bila kutetemeka.

"Mimi ni mwepesi, nitatangulia," akasema. "Wewe nishike vifundo vya miguu. Nikisema vuta, uvute. Nikisema acha, mdogo wangu, uache."

"Siachi."

"Utaacha. Leo wamezama wawili, wa tatu simtaki."

Akalala kifudifudi, akaisukuma sleji mbele ikawa kama daraja dogo, nami nyuma yake nimeshika viatu vyake. Kaljo alikuwa bado pale. Mikono yake ilikuwa juu ya barafu, mikono ya koti imeshagandia kabisa, kichwa kimelala juu ya mkono mmoja kama mtoto aliyesinzia dawatini. Alikuwa haangaiki tena. Hata kutetemeka alikuwa ameacha, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

"Kaljo," Fevronia akamwita. "Mwalimu. Inua kidevu."

Akainua kidevu. Sijui kwa nini alimsikia yeye na hakunisikia mimi. Fevronia akampitisha kitanzi kichwani, akamchomoa mkono mmoja kutoka kwenye barafu, kisha wa pili, kitambaa kikachanika. Kitanzi kikafika kwapani.

"Vuta," akasema.

Tulivuta. Wanawake wawili wazee tumelala chini, mmoja ameshika miguu ya mwenzake, tunarudi nyuma kama funza. Alipanda kiunoni, akakwama, koti limejaa maji. Fevronia akamwambia, "Piga miguu, Kaljo. Kama chura." Nikaona maji yakitikisika nyuma yake mara mbili, kidogo tu, na akatoka. Tukambingirisha. Tukaendelea kumbingirisha hata pale ambapo palikuwa salama, kwa kuwa hatukuweza tena kuamini kuwa kuna mahali palipo salama.

Heino na mwingine mmoja walikuja kutoka ufukweni na blanketi na chupa ya vodka. Walikuja kwa kufuata matawi, wameachana kama hatua kumi. Heino akataka kummiminia mdomoni na kumsugua mikono. Fevronia akampiga kofi mkononi. "Humsugui, humnyweshi, humkalishi. Mlaze. Damu ya baridi iliyoko miguuni ikikimbilia moyoni ghafla, tutakuwa tumemtoa majini ili tumwue sisi."

Tukamlaza kwenye blanketi, tukamkata nguo, Heino akavua koti lake la manyoya tukamfunika, na waokoaji wakafika na kile chombo chao kinachoelea juu ya barafu kwa upepo. Mmoja wao, msichana mwenye nywele fupi, alibaki nyuma kupiga picha za mahali, kwa ajili ya ripoti. Mimi walinifunga karatasi ya rangi ya fedha kama samaki wa kuoka. Ni ndani ya chombo hicho, nilipoona mkono wa Kaljo mweupe kama mshumaa, nilipoanza kulia, na nililia mpaka mjini.

Hospitalini walimkuta na joto la mwili la nyuzi ishirini na tisa. Siku ya tatu alianza kuzungumza vizuri. Aliomba mkate mweusi na chumvi. Aliuliza kama samaki waliletwa nyumbani. Nikajua amerudi.

Kisha akaja Heino kumtazama, akamwuliza ilikuwaje, na Kaljo akamweleza. Alieleza taratibu, kama anavyoeleza shuleni. Aliniona nikianguka, akasimama, akahesabu mpaka kumi, akalala kifudifudi, akaja akijivuta. Alipofika karibu na ufa, barafu ikavunjika hata chini ya mtu aliyelala. "Kwa hiyo inabidi tufikiri upya," akamwambia Heino. "Labda ukingo wa ufa wa upepo haufai kusogelewa hata ukiwa umelala."

Nilikuwa nimekaa pembeni na machungwa mapajani. Nilisubiri acheke. Hakucheka. Heino alipoondoka nikamwambia, "Kaljo, ulikuja mbio."

"Nani?"

"Wewe. Wima. Ulinipita hatua nne."

Akanitazama kwa huruma. "Helve, ulikuwa umegongwa na baridi. Mtu huona mambo. Mimi nilijivuta. Nakumbuka theluji ilivyoniingia kwenye mikono ya koti."

Hakuwa anadanganya. Namjua akidanganya, hushika sikio. Alikuwa anakumbuka kitu ambacho hakikutokea, tena kwa mambo madogo madogo, theluji ya mikononi, sauti ya vifungo vya koti vikikwaruza barafu. Nilirudi nyumbani siku ile sina hakika na macho yangu. Nilimwuliza Fevronia uani kwake, akiwa anachambua vitunguu vya mbegu.

"Alikimbia," akasema. "Kama farasi anayetoka kwenye zizi linaloungua."

"Anasema alijivuta."

Fevronia aliweka kitunguu chini. "Basi ukimwacha hivyo, atawafundisha watoto kuwa kujivuta hakusaidii."

Ndilo lililokuwa likinisumbua. Nikampigia yule msichana wa waokoaji. Alinitumia picha wala hakuuliza kwa nini. Ilikuwa imepigwa kwa juu kidogo, jua likitoka upande. Upande mmoja michirizi ya mwili wangu nilipobingirika. Upande wa pili nyayo, moja hapa, nyingine kule mbali, kila moja imechimba theluji kwa ncha, zinakwenda moja kwa moja mpaka ufa. Hakuna aliyejivuta hapo.

Nilimwonyesha Jumapili, akiwa ameshakaa kitandani. Aliishika simu akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Hizo ni za nani?"

Nikaikuza picha kwa vidole viwili.

"Heino alikimbia?"

"Heino alikuja baadaye, upande wa matawi. Tazama soli, Kaljo."

Kiatu chake cha kulia kilikuwa na kiraka cha mpira alichokishona mwenyewe kisiginoni. Kilionekana wazi. Nilimwona akikitambua. Uso ulimshuka, na kwa muda mrefu hakuondoa macho pale.

"Nakumbuka nikijivuta," akasema. Kisha, "Naikumbuka theluji."

"Najua."

"Ningeapa. Mbele ya hakimu ningeapa." Akanirudishia simu kama kitu kinachounguza. "Kama hilo silo lililotokea, mimi nilikuwa wapi, Helve?"

Nilimmenyea chungwa, hakulila.

Aliporudi kijijini alikaa wiki nzima haendi dukani. Barafu ilikuwa imeshaoza kwa jua, ubao ulikuwa mtupu, hakuna aliyemlazimisha. Aprili akaomba mwenyewe kwenda shuleni. Nilikaa nyuma ya ukumbi. Aliwaonyesha watoto picha ya nyayo ukutani, kubwa kama mlango, akasema, "Huyu ni mimi. Nilikuwa nikiwaambia msikimbie, na nilidhani kuambiwa kunatosha. Nilijua kila kitu, nikakimbia, na sikujua kama nakimbia." Hakuna mtoto aliyecheka. Msichana mmoja wa mbele akamwuliza, "Sasa tufanye nini?" Kaljo akasimama pale, chaki mkononi, akasema hajui bado, atawaambia akijua.

Wazo lilikuwa la Fevronia. Alisema kuku wake walijifunza kuingia bandani kwa kusikia bati likigongwa, wala hakuwahi kuwaeleza sababu. Mwili haufundishwi kwa maneno. Basi Mei tukaanza. Kaljo akiwa katika shughuli zake, anachanja kuni au anapalilia, mimi najificha mahali popote nitakapo, bila kumwambia siku wala saa, napiga kelele moja kama mtu anayezama. Na yeye, popote alipo, anatakiwa alale chini hapo hapo.

Mara ya kwanza nilipiga kelele nyuma ya sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke. Alikuja mbio, shoka mkononi, rangi imemtoka, akanikuta nimesimama mzima. Alitupa shoka, akakaa juu ya gogo, akaziba uso. Alikuwa amejua kabisa kuwa ni mazoezi. Mara ya pili alikimbia. Mara ya tatu alikimbia, akaangusha uzio wa Fevronia. Majirani walianza kuuliza kama tuko salama kichwani. Heino alisema sisi ndio wazee pekee Rannaotsa wanaocheza kibe, kujificha na kutafutana kama watoto.

Juni alikimbia mara mbili. Julai aliniambia tuache, moyo wake hauwezi, kwamba kila nikipiga kelele ananiona tena ndani ya maji. Nilimwambia nami kila akija mbio namwona ananipita. Hatukulala vizuri usiku ule, lakini asubuhi alisema, "Haya, endelea."

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, siku ya mvua. Alikuwa kwenye shamba la vitunguu la Fevronia akimsaidia kung'oa mistari ya mwisho, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya kibanda cha kukaushia. Nilisubiri mpaka wakaanza kubishana juu ya gunia fulani, akasahau kabisa. Nikapiga kelele.

Hakukuwa na mshindo wa miguu. Nilisikiliza, nikaogopa, nikachungulia. Fevronia alikuwa amesimama na vitunguu mkononi, anatazama chini. Kaljo alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, mikono imenyooshwa mbele, shavu ndani ya maji ya mvua. Hakuinuka. Nilikwenda mpaka alipo, nikachuchumaa.

"Helve," akaniuliza bila kuinua kichwa, "nimelala kweli, au nakumbuka vibaya?"

"Umelala," nikamwambia.

"Dada Fevronia, umeona?"

"Nimeona," Fevronia akasema. "Na umelalia mstari wangu mzima wa vitunguu. Inuka."